Lori Lioshwe, Lakini Si Mtoni

Ndugu msomaji, siku moja simama kando ya barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Yatazame malori yanayopita. Moja limebeba mananasi ya Kiwangwa. Jingine limebeba chumvi. Mengine yamebeba saruji, kokoto au mkaa. Mengi yana vumbi jekundu hadi kwenye paa. Lakini mara linapita moja ambalo linakufanya ugeuze shingo. Kabini yake inang'aa. Vioo vinameta. Turubai limefungwa vizuri na kamba hazining'inii. Juu ya kioo cha mbele kuna maneno yaliyoandikwa kwa rangi, na kila herufi inasomeka.

Dereva wa lori hilo anajivunia gari lake. Ukimsalimia atakujibu kwa furaha. Ukilisifu gari lake atakupenda zaidi.

Ukurasa wetu ni wa afya. Labda unajiuliza, usafi wa lori unahusu nini afya ya kijiji? Unahusu sana. Soma polepole mpaka mwisho. Kama una ndugu ambaye ni dereva au utingo, msomee na yeye.

Sifa ya dereva

Watu wa pwani wanajua jambo hili tangu zamani. Nahodha mzuri hakiachi chombo chake kichakae. Jahazi linapandishwa ufukweni, linakwanguliwa, kisha linapakwa shahamu na chokaa. Nahodha anayeacha chombo chake kioze hapati mzigo, kwa sababu mwenye mali anaogopa. Dereva wa lori ni vivyo hivyo. Mfanyabiashara anayetafuta gari la kubeba unga wake huangalia kwanza bodi ya lori. Akiona uchafu, anakwenda kwa dereva mwingine.

Tena usafi wa gari unaokoa maisha. Taa yenye tope haimuliki mbali. Kioo chenye vumbi kinamficha mtoto anayevuka barabara jioni, wakati jua liko machoni mwa dereva. Dereva anayeosha gari lake kwa mikono yake analijua vizuri. Anaona nati iliyolegea. Anaona mafuta yanavuja chini ya injini. Anaona tairi lililopasuka ubavuni. Dereva asiyeosha haoni, mpaka siku gari linapomwangusha.

Hapa pwani iko sababu nyingine, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi. Mizigo mingi ya huku ina chumvi pia. Chumvi ikikaa juu ya chuma pamoja na unyevu, chuma kinaliwa na kutu. Bodi inatoboka. Kwa hiyo dereva wa pwani analazimika kuosha gari lake mara nyingi. Wala hawezi kuliosha kwa maji ya bahari, kwa sababu maji hayo ndiyo yenye chumvi. Anahitaji maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi.

Hapo ndipo shida inapoanza. Wewe unayekaa pwani unajua jinsi maji baridi yanavyopatikana kwa taabu. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya munyu. Basi dereva anatafuta mahali penye maji mengi ya bure. Anakwenda mtoni. Au anakwenda kwenye bwawa la kijiji. Analiingiza lori mpaka maji yanafika katikati ya matairi. Anakaa kivulini anywe chai. Utingo wake anavua shati, anakunja suruali, anaingia majini na ndoo na kitambaa.

Utingo huyo mara nyingi ni kijana mdogo. Mtazame vizuri, maana habari yetu ya leo inamhusu yeye.

Kinachoingia mwilini bila kuonekana

Saa sita mchana jua ni kali na maji ni ya uvuguvugu. Utingo amesimama majini hadi magotini. Anasugua matairi. Anazunguka gari mara mbili, mara tatu. Baadaye anasikia mwasho kidogo miguuni. Anajikuna, anasahau. Gari linang'aa. Wanaondoka.

Wiki na miezi inapita. Siku moja kijana anakojoa na kuona damu mwishoni mwa mkojo. Ana maumivu chini ya kitovu. Anaogopa, lakini anaona haya kumwambia mtu. Labda rafiki yake anamwambia, "Usijali, ni dalili ya kukua." Hayo si kweli, ndugu msomaji. Hakuna mvulana anayekojoa damu kwa sababu ya kukua. Kijana huyu amepata kichocho.

Kichocho kinaletwa na minyoo midogo. Minyoo hiyo inakaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu cha mkojo. Inaweza kukaa humo miaka mingi. Inataga mayai. Kila yai lina mwiba mdogo. Mayai yanapopenya ukuta wa kibofu yanaujeruhi, na ndiyo sababu mkojo una damu. Mayai mengine yanabaki mwilini na kuleta vidonda na makovu. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi unaweza kuharibu kibofu na figo. Unaweza hata kuleta saratani ya kibofu. Kwa mwanamke unaweza kuleta vidonda katika njia ya uzazi, na wengine hushindwa kupata mtoto. Wanawake wengi wamelaumiwa kwa ugumba, au wameshukiwa zinaa, kumbe ni kichocho cha utotoni. Hilo ni jambo la kusikitisha.

Daktari mmoja Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyewaona minyoo hao mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1851, mjini Cairo katika nchi ya Misri. Ndiyo maana ugonjwa huu unaitwa pia bilhazia. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kale zaidi ya hapo.

Sasa, minyoo hao wanafikaje kwa utingo? Fuata njia yao hatua kwa hatua.

Mtu mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai yanaingia majini pamoja na mkojo. Mayai yanaanguliwa. Vijidudu vinatoka na kumtafuta konokono. Si konokono wa shambani, bali konokono mdogo wa majini. Konokono huyu anapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani. Vijidudu vinaingia ndani yake. Humo vinazaana kwa muda wa wiki nne hadi sita hivi. Kisha vinatoka vikiwa vingi sana. Konokono mmoja anaweza kutoa mamia kwa siku moja, hasa mchana jua linapowaka. Vinaogelea vikitafuta mtu. Vikigusa ngozi vinaipenya kwa muda wa dakika chache tu. Havihitaji kidonda. Havihitaji umeze maji.

Angalia basi mambo yalivyokutana. Katikati ya mto Ruvu maji yanakwenda kwa nguvu, na konokono hapendi hapo. Lakini dereva naye hawezi kuliingiza lori hapo. Anatafuta ukingo uliolala, kidimbwi kilichobaki baada ya mvua za masika, au bwawa lenye majani pembeni. Ndipo anapokaa konokono. Saa anayochagua dereva ni ya mchana, wakati wa kupumzika. Ndiyo saa ambayo vijidudu vinatoka kwa wingi. Na utingo akibanwa na mkojo wakati anaosha, anajisaidia pale pale alipo. Kama tayari ana ugonjwa, anawapa konokono mayai mapya. Kesho yake watoto wa kijiji wanakuja kuoga.

Usidhani bwawa likikauka mambo yamekwisha. Konokono wengine hujificha ndani ya tope na kungoja mvua.

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji hadubini kuiona. Ruvu na Wami ni mito yenye mamba na viboko. Mtu aliyeinama akisugua tairi, mgongo ukielekea mtoni, hamwoni mamba.

Maji yanakwenda wapi?

Tumesema juu ya utingo. Tuseme sasa juu ya mama anayechota maji mbele kidogo, mto unakoelekea.

Lori likioshwa majini haliachi vumbi peke yake. Linaacha oili, grisi na dizeli. Umeona rangi za upinde wa mvua juu ya maji baada ya gari kuondoka? Hayo ni mafuta. Linaacha pia mabaki ya mzigo wa jana. Labda jana lilibeba saruji. Labda lilibeba mbolea au dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Dawa kama hiyo ikiingia mtoni huua samaki, na mtu anayekunywa maji hayo anaweza kudhurika. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya tumbo. Lakini hakuondoi mafuta, wala hakuondoi sumu ya dawa ya wadudu. Kumbuka jambo hilo, maana wengi wanafikiri sufuria ikichemka kila kitu kimekwisha.

Na mto hauishii kijijini kwako. Katika wilaya ya Bagamoyo kuna mtambo wa maji wa Ruvu Chini. Tangu mwaka 1976 mtambo huo umekuwa ukichukua maji ya mto Ruvu, kuyasafisha na kuyapeleka Dar es Salaam. Basi dereva anayeosha lori lake mtoni juu ya mtambo, jioni akifika nyumbani kwake mjini, anaweza kuyakuta maji ya mto ule ule katika bomba lake. Yamesafishwa, ndiyo. Lakini kazi na gharama ya kuyasafisha inaongezeka kila mto unapochafuliwa, na gharama hiyo tunailipa sote.

Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari lilindwe. Shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu eneo hilo, zimekatazwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Ukitaka kujua zinafika wapi, nenda mtoni ukahesabu.

Jinsi ya kuosha

Hatusemi lori lisioshwe. La. Tunasema maji yaende kwenye lori, lori lisiende majini.

Anza na ufagio. Madereva wengi wanakimbilia maji kabla ya kufagia. Fagia bodi, ndani na nje. Kwangua tope la matairi na la chini ya bodi likiwa limekauka. Sehemu kubwa ya uchafu itaondoka bila tone la maji. Kama lori lilibeba dawa ya wadudu, usifagie kavu ukavuta vumbi lile. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu, na usimwage maji ya kuoshea karibu na kisima au mto. Na lori hilo lisipakiwe unga, mchele wala matunda kabla ya kuoshwa vizuri. Afadhali lisibebe chakula kabisa.

Kisha tafuta maji. Ya bomba ndiyo bora. Kama hayapo, chota maji mtoni kwa ndoo yenye kamba, ukiwa umesimama penye ukingo mkavu na salama, bila kuingiza miguu. Yachuje kwa kitambaa ili konokono asiingie. Yatie katika pipa na ulifunike. Yaache siku mbili. Vijidudu vya kichocho haviishi muda mrefu bila kupata mtu. Baada ya saa 48 vimekufa, na maji hayo unaweza kuyagusa bila hofu ya kichocho. Kifuniko ni cha lazima. Pipa lisilofunikwa litazaa mbu, nawe utakuwa umekimbia kichocho na kuleta malaria au homa ya dengi. Hata matairi ya zamani nyuma ya gereji yasiachwe yakae na maji ya mvua. Mbu wa dengi wanayapenda sana.

Lori lisimame mahali pa tambarare, penye nyasi au mchanga, zile hatua 80 au zaidi kutoka majini. Lisisimame juu ya mteremko unaoelekea mtoni, kwa sababu maji machafu yataukimbilia mto. Osha kwanza vioo, taa na namba za gari. Halafu kabini. Halafu bodi. Magurudumu yawe ya mwisho. Oili iliyovuja ifutwe kwa kitambaa au kwa vumbi la mbao, isisukumwe na maji. Oili chakavu itiwe katika debe na kupelekwa gereji. Wala usisafishe injini kwa petroli. Petroli inashika moto upesi, na mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu.

Kama hakuna njia nyingine ila kuingia majini, vaa mabuti ya mpira marefu yasiyotoboka. Hayo yanasaidia. Lakini maji yakiingia kwa juu, mabuti hayana kazi tena.

Vijana wa kijiji wanaweza kufanya jambo hili kuwa kipato. Chagueni mahali pazuri karibu na barabara, mbali na mto. Wekeni mapipa, ufagio na vitambaa. Tandazeni kokoto ili pasiwe na tope. Chimbeni shimo la kupokea maji machafu, mbali na kisima. Jengeni choo karibu, maana dereva na utingo wanakihitaji. Dereva anayejivunia gari lake atalipa kwa furaha, hasa akijua kuwa hamtakwangua rangi yake. Huko Unguja na Pemba, katika miaka ya baada ya 2011, wataalamu walipambana na kichocho kwa njia kadhaa. Waligawa dawa na waliua konokono. Katika sehemu nyingine waliwashirikisha wananchi kutafuta njia za kuepuka maji yenye vijidudu, na majukwaa ya kufulia nguo yakajengwa ili watu wasisimame mtoni. Kama nguo zinaweza kufuliwa juu ya jukwaa, lori nalo linaweza kuoshwa juu ya kokoto.

Chupa barabarani

Liko jambo moja ambalo linatukera, nasi tutalisema wazi. Wako madereva ambao kabini zao ni safi kama sebule. Ndani kuna pazia na kitambaa cha mezani. Lakini wanakojoa katika chupa ya plastiki na kuitupa dirishani. Umeziona chupa hizo majanini? Watoto wanaziokota. Nyingine hutupwa darajani na kuanguka majini. Kama mwenye chupa ana kichocho, na chupa ikipasuka, mayai yake yamepelekwa kwa konokono bila yeye kushuka garini.

Wazee wetu wengi wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchini kote. Vyoo vile havikuchimbwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Dereva naye asimamishe gari, ashuke, aombe choo. Hakuna mwanakijiji mwema atakayemnyima.

Kama umekwisha kuingia majini

Labda wewe unayesoma ni utingo, au ulikuwa utingo. Umeosha malori mtoni miaka mitatu au minne. Usiogope, lakini usikae kimya.

Dawa ya kichocho ipo. Inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge vinavyomezwa siku moja, na idadi yake inategemea uzito wako. Inafaa kula chakula kwanza, kwa sababu dawa inaweza kuleta kichefuchefu. Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa. Haikukingi usipate tena. Ukimeza leo na kesho ukarudi bwawani, utaugua upya.

Katika wilaya nyingi wanafunzi hupewa dawa hii shuleni. Mwalimu anampima mtoto urefu kwa kijiti kilichotiwa alama, kisha anajua vidonge ni vingapi. Ni mpango mzuri. Lakini utingo hayuko shuleni. Siku dawa inapogawiwa yeye yuko Segera au Kibaha, juu ya mzigo. Hivyo yule anayesimama majini kuliko wengine ndiye anayekosa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba pale ugonjwa ulipoenea, watu wazima nao wapewe dawa, si watoto wa shule tu. Kwa hiyo usione haya kwenda zahanati na kuuliza. Si ugonjwa wa zinaa. Ni ugonjwa wa maji.

Dereva, nawe una kazi. Wewe ndiwe mkubwa wa kijana huyo barabarani. Wazazi wake wamekuamini. Mkifika mahali penye kituo cha afya, mpe ruhusa ya nusu siku. Mweleze mganga kwamba kijana anaosha magari mtoni, ili ajue apime nini. Mkojo wa kupima kichocho unafaa utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana wakati huo mayai yanatoka kwa wingi. Kijana akitembea au kukimbia kidogo kwanza ni vizuri zaidi. Naye asimwage ule mkojo wa mwishomwisho. Huo ndio unaotakiwa ndani ya kichupa.